Kukuziwa na Uzi wa Buluu

Uzi ule niliuondoa mimi. Naanza hapo kwa sababu daftari la klabu limeandika jambo jingine, na daftari likishaandikwa kwa wino watu huliamini kuliko mdomo wa mwanamke. Mume wangu hakugusa kitu. Anayetaka kubisha na abishe, lakini asinywe chai yangu.

Mimi ni fundi cherehani. Mwaka wa thelathini na moja sasa nakaa mbele ya mashine ile ile, na kama kuna kitu kinachonikera duniani ni uzi unaoning'inia. Nikiwa kwenye foleni ya benki nikiona uzi kwenye bega la mtu aliye mbele yangu, mkono unaniwasha. Siku ya harusi ya mdogo wangu nilimsimamisha bwana harusi mlangoni, watu wote wakisubiri, nikamkata uzi wa kifungo kwa meno. Walicheka, na picha ipo. Sikuona haya hata kidogo. Nguo yenye uzi ni nguo ambayo haijaisha, na fundi anayeitoa hivyo hajui kazi.

Mume wangu naye alikuwa mchora ramani katika idara ya maji mpaka alipostaafu. Bomba likipita wapi, likikunja wapi, yeye ndiye aliyechora. Mtu wa mistari. Hata kitanda akitandika ni kama amepima. Alipostaafu nilimwombea apate kitu cha kufanya kabla hajaanza kunipangia vyungu, na Mungu akanisikia kupita kiasi: akanunua kamera, akajiunga na klabu ya picha inayokutana juu ya maktaba kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Kule walimpa jina la Mzee Rula, kwa sababu mwaka wake wa pili tu alikuwa ameshazisoma kanuni zote za mashindano, akaona zina matundu, akajitolea kuziandika upya. Wakampa kazi hiyo kwa furaha. Watu wengi hupenda picha, wachache hupenda kanuni.

Mashindano yao yana makundi. Kuna la mandhari, yaani milima, mashamba, mawingu na kadhalika. Kuna la viumbe: ndege, wadudu, wanyama, maua ya porini. Mzee alitaka la viumbe. Miaka kumi na miwili alipeleka picha kwenye kundi hilo, akashika nafasi ya tatu mara mbili na ya pili mara nne. Ya kwanza hajawahi. Nilikuwa nikimtania kwamba wa pili ni wa kwanza wa walioshindwa, naye alikuwa akicheka, mpaka mwaka jana alipoacha kucheka.

Mwaka jana ndipo tulipoambiwa ana presha ya macho. Daktari alichora duara kwenye karatasi, akaanza kulipaka wino kutoka ukingoni kuja katikati. "Unakula pembeni kwanza huu ugonjwa," alisema. "Katikati hubaki mpaka mwisho, ndiyo maana mgonjwa anajiona mzima." Akampa dawa ya matone ya kupunguza kasi. Nikamuuliza, kasi hiyo ikipunguzwa inakuwa kasi gani. Akanitazama mimi, si yeye. Akasema tufanye mipango ya maisha kana kwamba mwisho wa mwaka ujao hatakuwa na macho ya kumfaa.

Tulipotoka nje mzee akasema, "Pembeni kuna nini cha maana? Mtu anaangalia anachokiangalia."

Nilicheka. Leo nikikumbuka kicheko kile natamani kujizaba kofi.

Klabuni hakumwambia mtu. Mwenyekiti wao ni mama mmoja mfamasia, ana duka mitaa miwili kutoka kwetu, mtu mwema. Mzee alikuwa akipanda mabasi mawili kwenda kununua matone yale upande wa pili wa mji ili mfamasia asijue. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akanijibu kwamba alishawahi kuona wanavyofanya. Kulikuwa na mwalimu mstaafu pale, mikono ikaanza kumtetemeka, wakampenda sana, wakamfanya mlezi wa klabu. Wakampa kiti cha mbele na soda ya kwanza. Na mlezi hashindani.

"Mimi sitaki soda," alisema. "Nataka nafasi ya kwanza mara moja, nikiwa naona kilichoniletea nafasi hiyo. Baada ya hapo wanifanye mlezi, wanifanye kabati, sawa tu."

Basi hilo ndilo lililokuwa mezani kwetu mwaka huu. Mashindano makubwa ya mwisho wa msimu, kundi la viumbe, kabla macho hayajafunga.

Nyuma ya kiwanda cha matofali kuna bwawa. Walichimba udongo pale miaka mingi, mvua ikajaza shimo, matete yakaota, ndege wakahamia bila kumwomba mtu ruhusa. Mzee alichagua kukuziwa, ndege mweusi wa majini mwenye alama nyekundu usoni, ambaye wenzake wa klabu hawamjali kwa kuwa si mzuri wa kujionyesha. "Wote watapeleka tai," alisema. "Jaji atachoka na tai."

Wiki tano tulikwenda asubuhi, jua likianza kupanda. Nasema tulikwenda kwa sababu nilikataa aende peke yake, nikisingizia kwamba nataka hewa. Nilibeba begi na stuli, yeye alibeba kamera na stendi yake ya miguu mitatu. Nilikuwa natembea hatua moja mbele, upande wa kushoto, kwa sababu upande huo alikuwa akigonga vitu. Hatukulizungumza. Asubuhi moja alikanyaga ndoo ya mtu iliyokuwa wazi kabisa kando ya njia, akailaumu ndoo.

Lakini akishakaa, akishaliweka jicho kwenye kamera, alikuwa yule yule wa zamani. Katikati yake ilikuwa bado safi. Ndege akiingia pale katikati, mzee alimwona mpaka unyoya.

Siku ya picha yenyewe kukuziwa jike alitoka kwenye matete na mdudu mdomoni. Kinda akamfuata kwa kelele, mdogo, kichwa kina upara mwekundu kama kimechemshwa. Mama akainama. Kinda akafungua mdomo wote, na maji yakawa yametulia hivi kwamba walikuwa wanne, wawili juu na wawili chini. Mzee alibonyeza mara moja tu. Nilimwuliza mbona asiongeze. Akasema, "Imeingia."

Nyumbani aliifungua kwenye kompyuta yetu ya zamani, akalikuza jicho la mama, akalikuza jicho la kinda, akaukuza mguu wa mdudu. Akaniita nitazame mguu wa mdudu. Nilitazama mguu wa mdudu. Nilikuwa na mikono ya mashati sita ya kushona, nikasema ni mguu mzuri, nikarudi kwenye cherehani.

Picha za mashindano huchapwa kwenye karatasi na kubandikwa kwenye ubao. Siku ya kuipeleka studio iliangukia siku yake ya kliniki, na kliniki humtia dawa inayomfanya aone ukungu mpaka jioni. Akanipa picha kwenye flashi, akaniandikia vipimo kwa herufi kubwa, akaniambia nisiongeze neno, fundi wa studio anamjua.

Fundi wa studio ni mtu mzima, mpole, ana kijiti cha meno mdomoni tangu nimfahamu. Akaifungua picha kwenye kioo chake kikubwa, kikubwa kuliko dirisha la jikoni kwangu, akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Kisha akasema, "Mama, kuna uzi hapa."

Nikauona. Chini kushoto, pembeni kabisa, kwenye shina la tete, ulikuwa umenasa uzi wa buluu wa gunia. Kiwanda kile kinatupa magunia ovyo na upepo unayachambua. Ulikuwa umejikunja kama herufi, unaning'inia.

"Niutoe?" akauliza.

"Sasa unaniuliza nini? Wewe ungempelekea mteja gauni lenye uzi?"

Akabonyeza mara mbili, uzi ukatoweka, tete likabaki tete. Haikuchukua muda wa kupiga chafya. Nilijisikia vizuri, nisikufiche. Nilijisikia nami nimeweka mkono wangu kwenye kazi ya mume wangu. Nilipofika nyumbani sikumwambia, si kwa kuficha. Nani husimulia uzi? Ningesimulia nyuzi zote nilizokata, tungekuwa bado tunaongea.

Kesho yake, macho yalipotulia, aliipeleka dirishani. Aliitazama kwa namna yake mpya, kichwa kikitembea polepole, jicho limetulia. Siku tano picha ile ilikaa nyumbani kwetu ikiegemea ukuta, na kila siku aliitazama.

"Hakuna cha kuongeza wala kupunguza," alisema. Akasaini fomu. Fomu ina mstari unaosema mwenye picha hajaongeza wala kuondoa kitu chochote, na mstari huo aliuandika yeye.

Siku ya mashindano chumba cha juu ya maktaba kilijaa. Nilikaa naye kwa sababu wageni huruhusiwa. Pale kuna utaratibu mmoja wa ajabu: picha zina namba bila majina, na jaji akizungumza mwenye picha hana ruhusa ya kusema wala kujionyesha. Akisifiwa, ajifanye hamnazo. Akitukanwa, ameze mate. Ukijitambulisha umejitoa. Jaji alikuwa mwalimu wa bayolojia kutoka klabu nyingine, mtu mrefu mwenye sauti ya upole inayochinja. Kuhusu tai wa kwanza alisema amekaa kama anasubiri kupigwa picha ya pasipoti. Wa pili, jaji alisema anamfahamu, ni wa bustani ya wanyama. Nilimwona mama mmoja mbele anainama kutafuta kitu ambacho hakikuanguka.

Namba kumi na saba ilipowekwa, jaji alisogea karibu. Akavua miwani, akaivaa.

"Huyu ndege mnampita kila siku," alisema. "Huyu aliyempiga picha hakumpita. Tazameni mguu wa mdudu."

Goti la mzee likaanza kucheza. Nikaweka mkoba wangu juu yake usionekane mchezo ule.

"Na tazameni palivyo safi. Hakuna mkono wa mtu hapa. Ndege, maji, matete, basi. Nafasi ya kwanza."

Walipoigeuza kadi ya namba na kusoma jina, watu walipiga makofi kwa muda mrefu, maana miaka kumi na miwili si mchezo. Mzee aliinuka, akainamisha kichwa, akakaa. Kisha akaenda msalani, akakaa huko mpaka nikataka kumfuata. Alirudi ameosha uso.

Wakati wa chai mfamasia alimpa mkono. "Hongera, Mzee Rula. Ukipata nafasi tuletee kadi ya kamera kufikia Jumatano. Utaratibu tu, si unajua, wewe ndiye uliyeuweka."

"Jumatano unayo," akasema mume wangu, anang'aa.

Karibu yangu alisimama kinyozi, mjumbe wa kamati, mtu wa makamo mwenye mikono iliyotulia. Nikamwuliza kadi ya nini.

"Kuangalia picha ilivyotoka kwenye kamera, mama. Kama kuna kilichoondolewa."

"Hata kitu kidogo?"

Akatabasamu. "Mimi niliondoa kitawi. Miaka mitatu iliyopita. Si mimi hata, ni mtu wa studio alinisaidia, mimi nikasaini bila kuangalia vizuri. Mzee wako akaniambia anayesaini ndiye anayejibu. Nikafungiwa misimu miwili." Alisema bila uchungu, kama mtu anayesimulia ajali ya zamani. "Na alikuwa sahihi. Ningekata tu kingo za picha. Kukata kingo inaruhusiwa, unapunguza pembeni unavyotaka. Kufuta ndani ndiyo haramu."

Chai yangu sikuimaliza. Nilisimama pale na kikombe, nikimwona mume wangu ng'ambo ya chumba akisimulia mguu wa mdudu kwa watu watatu.

Ungeniuliza kwa nini sikumwambia usiku ule ule, ningekujibu hukuwa nyumbani kwangu. Jumapili alimpigia simu binti yetu aliye mbali, akamweleza picha kuanzia kona hadi kona, kasoro kona moja. Jumatatu alipiga msumari sebuleni na kuitundika, akasogea nyuma, akasogea mbele, akaniuliza kama imenyooka. Nilisema imenyooka. Mchana nilikimbilia studio. Nikamwuliza fundi kama anaweza kuuondoa uzi kwenye kadi yenyewe, kule ndani kwenye picha ya mwanzo. Sijawahi kuomba jambo la haramu maishani mwangu, na nilijisikia ulimi unanisaliti.

Akatoa kijiti mdomoni. "Mama, ile ya kamera haiguswi. Ukiigusa inajisema yenyewe." Kisha akanyong'onyea. "Ningejua ni ya kundi hilo nisingekuuliza. Mzee huja mwenyewe siku zote."

Jumanne jioni nikapiga moyo konde. "Baba, kuna jambo la ile picha."

"Kesho, mama," akasema. Alikuwa amelala chali, matone yanaingia machoni, machozi ya dawa yanateremka masikioni. "Leo niache nifurahi."

Nikamwacha. Jumatano akaenda mwenyewe kuipeleka kadi, amevaa shati nililompigia pasi mara mbili.

Alhamisi mfamasia akapiga simu. Alimwomba mzee afike Jumamosi saa nne, kuna jambo dogo kuhusu faili. Mzee akakata simu akiwa na uso wa mvulana. Alikuwa na hakika wanataka aandike maelezo ya jinsi alivyoipata picha, maana washindi huandika. Ijumaa yote aliandika. Karatasi mbili, mistari iliyonyooka katikati na kuteremka ukingoni. Nilimwambia nakuja naye. Akasema, "Njoo, mama, ulibeba stuli."

Njiani nilijaribu. Nasema kweli, nilijaribu. Nilisema, "Baba, siku ile ya studio," na yeye akasema, "Nimemtaja fundi kwenye maelezo," na gari likapiga honi, na yeye hakuliona lilikotokea, nikamshika mkono kumvuta. Baada ya hapo sikuweza tena kuongea juu ya uzi.

Chumbani walikuwa wawili tu, mfamasia na kinyozi. Mjumbe wa tatu alikuwa safarini. Viti vyote vimepangwa ukutani, meza moja katikati, na juu ya meza karatasi mbili zilizochapwa, kila moja na kukuziwa wake na kinda wake. Mzee akaweka maelezo yake pembeni ya picha, akaegemea mbele.

"Mzee Rula," mfamasia akaanza, na sauti yake ilikuwa ile anayotumia kumweleza mtu dawa ya mtoto mgonjwa. "Hii imetoka kwenye kadi yako. Hii ni nakala ya ile uliyoshindanisha. Kuna kitu kwenye hii ambacho hakipo kwenye hii."

Mzee akatazama. Akaitazama ya kwanza, akaitazama ya pili. Kichwa kilikuwa kinatembea polepole. Nilimwona anakwenda kwenye jicho la mama, kwenye jicho la kinda, kwenye mguu wa mdudu. Akarudi. Akaanza upya. Kinyozi alikuwa anangoja kwa adabu, kama anavyongoja mteja ajiangalie kwenye kioo. Dakika ilipita. Mtu anayejua alichofuta hahitaji dakika.

Nikashindwa kuvumilia. "Niliutoa mimi," nikasema. "Uzi. Fundi aliniuliza nikamwambia autoe. Yeye hajui chochote. Mimi nakata nyuzi, ndiyo kazi yangu, sikujua kama ni makosa. Nifungieni mimi."

Mfamasia akavuta pumzi. "Dada, wewe si mwanachama."

"Basi mnifanye mwanachama halafu mnifungie."

Mume wangu alinigeukia, na ilimbidi ageuze uso wote ili anipate. Hakuwa na hasira. Ningeshukuru kama angekuwa na hasira.

Kinyozi akakohoa. "Mzee, mimi nataka kuamini. Lakini picha ilikaa kwako siku tano kabla hujaileta, ulisema mwenyewe. Na kabla ya hapo ilikuwa kwenye kompyuta yako. Uzi uko pembeni kabisa. Kama ungeuona, ungekata kingo tu, ukamaliza, na kanuni inaruhusu. Wewe ndiye uliyetufundisha. Kwa nini hukukata?"

Lilikuwa swali la haki. Jibu lake lilikuwa moja, na lilikuwa limekaa pale mezani pamoja nasi, na mimi nililijua. Hakuuona. Hakuuona kwenye bwawa, hakuuona kwenye kompyuta, hakuona kwamba haupo kwenye ubao. Maneno mawili tu: sioni pembeni. Angeyasema, mfamasia angefunga daftari, kinyozi angemwomba radhi, na wangempa nafasi yake ya kwanza pamoja na kiti cha mlezi na soda.

Nikafungua mdomo niyaseme mimi. Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, akaubana. Ana mkono mzito, mkono wa miaka thelathini ya kalamu.

"Mke wangu ananifichia aibu," alisema. "Ni desturi yake, ana moyo mwema. Uzi niliutoa mwenyewe. Nilitamani kushinda. Miaka kumi na miwili ni mingi."

"Baba," nikasema.

"Niliutoa mwenyewe," akarudia. "Andikeni."

Mfamasia alichukua kalamu. Akafungua daftari, akaandika tarehe, akasita. Ni mtu wa utaratibu, na aliyemfunza utaratibu huo alikuwa amekaa mbele yake. Akauliza kwa upole, "Basi tuonyeshe ulipokuwa, nami niandike sehemu ya picha. Kanuni inataka hivyo."

Akamsogezea ile iliyotoka kwenye kadi.

Mzee akainyoosha mbele yake. Uzi ulikuwa chini kushoto, wa buluu, umejikunja, mimi niliyekaa kando yake nauona wazi kama nauona mlango. Kidole chake kilielea juu ya karatasi, kikateremka kwa uhakika wote wa mchora ramani, kikatua kulia. Kikatua juu ya maji matupu, penye kivuli cha tete.

"Huu hapa," alisema.

Mfamasia aliinua macho kwenye uso wa mume wangu, akayatazama macho yake, moja na la pili, kama wanavyotazama watu wa dawa. Nikaona ameelewa. Kalamu yake ikasimama.

Kinyozi ndiye aliyesema. Alikuwa ameinama juu ya picha, anakitazama kile kidole juu ya maji. Aliyefungiwa misimu miwili kwa kitawi. Alikuwa na kila sababu ya kusema neno.

"Ndiyo, mzee," alisema. "Ndiyo hapo hapo."

Akalivuta daftari kutoka kwa mfamasia, taratibu, akaandika mwenyewe. Sikuweza kusoma alichoandika kwa sababu macho yangu nayo yalikuwa yameharibika. Mfamasia akasaini. Wakampa mume wangu kalamu, kinyozi akaweka kidole chake kwenye karatasi mahali pa kusaini na hakukiondoa mpaka mzee alipokigusa. Akasaini. Misimu miwili.

Walitusindikiza hadi mlangoni bila kusema mengi. Mfamasia alinishika bega, akaniambia niende dukani kwake siku yoyote, na kwamba dawa zote anazo. Nilitikisa kichwa kukubali. Mume wangu alijifanya hakusikia.

Ngazi za maktaba ni za mawe, zina kona katikati. Nilikwenda upande wake wa kushoto, hatua moja mbele, nikimwacha anishike bega kana kwamba ananiongoza yeye. Alikuwa anateremka kwa makini, anahesabu ngazi kwa sauti ya chini. Tulipofika kwenye kona akasimama.

"Misimu miwili si mingi, mama," alisema. "Nitarudi na kitu kizuri kuliko hiki."

"Si mingi," nikamwambia. "Kuna ngazi saba nyingine."

"Naziona," akasema, na akangoja nianze mimi.